Pongo wa Njia ya Kasenga

Lori la shaba lilimgonga kabla ya mapambazuko,
pale kwenye kona ambapo vichuguu vimesimama
kama watu wanaongoja basi.
Dereva Chabala akamleta Katuba ndani ya turubai,
akataka magunia mawili ya makala na asiulizwe kitu.
Shangazi Ngosa akampa gunia moja na nusu
akamuuliza yote:
amekufa saa ngapi, aliangukia upande upi,
tumbo limepasuka?
Akanusa ubavu. Akabonyeza jicho kwa kidole gumba.
"Bado yuko," akasema.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilishika beseni.

Kisu chake kilikuwa kipande cha springi ya gari,
alichokinoa kwenye ngazi ya mlango
mpaka ngazi ikapata bonde.
Ngozi hakuikata, aliivua,
kwa ngumi, polepole,
kama unavyomvua shati mtoto aliyelala.
"Usitoboe. Tundu la leo, kesho ni dirisha."

Mzee Lunda, anayeumika watu kule Kenya,
alikuja mbio kuulizia pembe.
Jike, akaambiwa, jike hana pembe.
Akaondoka na kwato mbili, akasema ataona.

Kano za mgongo zilikauka kwenye kamba ya nguo,
katikati ya soksi za baba, zikawa uzi.
Viatu vyangu vya shule vilishonwa kwa mgongo wa pongo,
na mwaka ule, kwenye mbio,
sikuwahi kuwa wa mwisho.

Ubongo aliukoroga na maji vuguvugu,
akaupaka ngozi upande wa ndani, akisugua:
"Hiki ndicho kilichokuwa kikimwambia kimbia.
Sasa kiiambie ngozi itulie."

Mafuta yalikuwa machache, kijiko tu.
Yalikwenda kwenye bawaba za mlango,
na tangu siku ile baba akirudi usiku
hakuna aliyejua saa.

Mifupa ilichemka siku tatu.
Tulikula bukari kwa mchuzi wake
mpaka mchuzi ukawa maji yenye kumbukumbu,
kisha ikatwangwa, ikamwagwa kwenye maboga,
pamoja na majani yaliyotoka tumboni,
ambayo yalikuwa bado mabichi, bado ya alfajiri ile.

Nimeruka jambo.

Kabla ya hayo yote, kisu kilipofika chini ya kitovu,
kilisimama.
Alikuwa na ukubwa wa paka, amekunja miguu,
madoa meupe tayari yamepangwa mgongoni,
kwato laini kama ndizi iliyoiva.
Mama Kilufya, jirani, aliinama juu ya ua:
ngozi ya namna hiyo, alisema, hutoa mkoba mzuri,
kuna watu mjini wangelipa.

Shangazi akanawa mikono, katikati ya kazi,
jambo ambalo sijamwona akilifanya tena.
Akaingia ndani. Akatoka na kitenge cha kijani,
chenye picha za samaki,
kilichokuwa kimekunjwa chini ya godoro
tangu kabla sijazaliwa,
na ambacho hakuna aliyewahi kumwona amekivaa.
Akachimba chini ya mpapai, kwenye udongo mwekundu,
kina cha mkono mzima, mpaka begani.
Hakusali.
"Huyu," akasema, "hapewi kazi."
Kisha: "Lete beseni, mbona umesimama?"

Ngozi iko kwangu sasa, Ruashi, juu ya kigoda.
Manyoya yamekwisha katikati,
pembeni bado yanakwaruza mapaja ya wageni.
Mvua ikikaribia, hunuka majani.

Na yule mama,
aliyehifadhi maji ya kuoshea mchele,
aliyeuza hata majivu,
mapapai ya mti ule hakuyauza, hakuyala.
Aliyatazama yakiiva, moja moja,
akayaacha yaanguke.